Aliyekaa Kiti cha Nne

Watu walianza kuleta chakula getini asubuhi ya Jumatatu, mvua ikinyesha ile ya Mbeya isiyo na haraka, inayomlowesha mtu bila yeye kujua imeanza lini. Atuganile aliwaona angali ndani ya gari: akina mama, wazee wachache, kijana mmoja wa chuo, wamejipanga kando ya ukuta wa stesheni ya utangazaji, mikononi wameshika vyungu na hotpoti zilizofunikwa kwa vitambaa. Hawakuwa na mabango. Hawakuimba. Askari wa getini alikuwa amekata tamaa ya kuwafukuza, akawa amewapa mwavuli wake.

Atuganile alikuwa mwongozaji wa tamthilia, na tangu tamthilia yake mpya ianze kurushwa alikuwa amezoea kukuta watu getini. Lakini waliotangulia walikuja kutukana. Hawa walikuwa wapole kama watu waliokuja hospitali kumwona mgonjwa.

Alishuka. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia mama mmoja mwembamba aliyejifunga kanga juu ya koti la sufu. "Ni wewe unayetengeneza ile *Kiti cha Nne*?"

"Ni mimi, mama."

"Naitwa Subilaga. Natoka Tukuyu." Akamkabidhi hotpoti. "Ndizi na maharage. Chumvi nimeweka kidogo, hapendi chumvi. Na umwambie asikae karibu na dirisha. Tangu utotoni hawezi baridi."

"Nimwambie nani, mama?"

Yule mama akatabasamu, kama vile ameulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Mwanangu Gwakisa. Si ndiye anayekaa kiti cha nne?"

Atuganile aliipokea hotpoti kwa mikono miwili. Ilikuwa bado ya moto. Akashukuru, akaingia ndani bila kuangalia nyuma. Kiti cha nne hakikuwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiandika kiti kile, ndiye aliyekichagua kwa seremala, na kila siku ya kurekodi alisimama nyuma ya kamera kuhakikisha hakuna anayekikalia, hata kwa utani.

*

Siku hizo tamthilia haikuwa tena kitu cha kukaa sebuleni mkaitazama pamoja ukutani. Mtu alibandika utepe kwenye paji la uso, mwembamba kama plasta ya kidonda, na hadithi ikamwingia kichwani. Utepe ulitoa, na utepe ulipokea. Ukichoka, utepe ulijua, ukaifupisha hadithi. Ukimchukia mama mkwe, ulimuua mapema. Ukimpenda dereva, alifufuka. Bibi harusi aliyekufa kwa jirani yako alikuwa ameolewa kwako, akazaa mapacha. Ndiyo maana majirani walikuwa wameacha kubishana juu ya tamthilia. Kila mmoja alikuwa ameona ya kwake na kila mmoja alikuwa ameridhika.

Atuganile alikataa. Katika *Kiti cha Nne* aliamuru utepe usimfuate mtazamaji hata hatua moja. Baba, mama na binti wanakula chakula cha jioni. Kiti cha nne kipo, na sahani mbele yake ipo. Hakuna harusi, hakuna kesi ya shamba, hakuna anayezabwa kofi. Kipindi kizima kinaweza kuisha baba akimenya chungwa.

Wengi walikasirika kama watu walioalikwa karamu wakakuta meko hayajawashwa. "Nimemwangalia mzee akimenya chungwa mpaka nikaota maganda," aliandika mmoja. Wachache waliandika kwamba wamelia, kwamba hawajawahi kuona kitu kama kile, kwamba tafadhali kisiishe. Na Atuganile, kwa kuwa ni binadamu, aliwaamini wachache. Alihojiwa redioni akasema, tena kwa kicheko, kwamba wapo watazamaji wenye moyo, na wapo wenye macho tu.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya mzee Ambakisye, mkuu wa stesheni, hotpoti ya watu ikiwa magotini.

"Jana waliozima walikuwa wengi kuliko waliobaki," mzee alisema.

"Waliobaki wamebaki kweli, mzee."

"Ndiyo. Na hao ndio wanaonitia hofu. Umewaona pale nje?" Alivua miwani akaifuta kwa tai. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi nimeangalia vipindi vyote, kwa heshima yako. Nimeona wali ukipoa."

"Na kitini? Hukuona mtu?"

"Mtu gani?"

Atuganile akamtazama. "Samahani kwa kuuliza hivi, mzee. Lakini wewe umefiwa."

"Unaniuliza au unaniambia? Mke wangu ulikuja kumzika, ukapika hapo nyumbani siku zote za msiba. Ndugu zangu wawili niliwafukia kwa mikono yangu." Akairudisha miwani usoni. "Niliwazika, Atuganile. Nikalia nikamaliza. Kile kiti kwangu ni kiti."

Kisha akasema alichomwitia. Bodi ilikuwa imechoka. Kuanzia msimu ujao kiti kile kingepata mtu: yule kijana mrembo wa tangazo la sabuni. Utepe ungeachiwa umfuate mtazamaji, kama tamthilia za watu wengine. Na vipindi vya zamani vingefutwa kwenye mtambo, ili visichanganye watu.

"Wale walioko nje wanawaona wafu wao pale, mzee. Mnakwenda kumkalisha mtu kwenye kiti cha mtoto wa mtu."

"Hakuna mtoto wa mtu pale," mzee Ambakisye alisema kwa upole. "Wewe unajua kuliko mimi kwamba hakuna."

*

Nsajigwa, fundi aliyeusuka utepe wa tamthilia ile, alimsikiliza huku akizungusha kikombe cha chai ambayo hakuinywa. Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi, na mashine zilikuwa zikivuma kama nyuki walioko mbali.

"Nilikuwa nasubiri uje," alisema. "Tazama hapa."

Alimwonyesha michoro ya akili mbili zikitazama kipindi kimoja. Wa kwanza, kila kamera ilipopita kwenye kiti, mstari wake ulilala. Wa pili, mstari wake uliinuka taratibu, ukakaa juu, ukatulia kule kama ndege aliyepata tawi.

"Tamthilia za kawaida zinaujaza ubongo mpaka pomoni," Nsajigwa alisema. "Hauna kazi ya kufanya. Wewe uliacha shimo katikati, ukauzuia utepe usilizibe. Sasa ubongo haupendi shimo. Unazoa chochote ulicho nacho unaziba. Ila si kila ubongo una cha kuzibia."

"Wasiofiwa hawaoni kitu."

"Mbona mzee Ambakisye haoni?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Ubongo humweka mtu pale ambapo bado unamsubiri. Waliozika wakamaliza, wanaona kiti, wanachoka, wanakwenda zao. Waliobaki na sisi ni wale ambao hawajazika."

Atuganile alikumbuka maneno yake ya redioni na uso ukamwaka moto.

"Na kama hatutamweka yule kijana wa sabuni?" aliuliza baadaye. "Tukarusha kipindi kimoja cha mwisho, aliyekaa pale akainuka mwenyewe, akaaga, akaondoka? Ubongo utakubali?"

"Utakubali. Utafunga mlango." Nsajigwa aliweka kikombe chini. "Ila ukifunga sijui unafunga na nini ndani. Nilijaribu."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Kwa binti yangu." Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti. "Nilikuwa namwona pale tangu kipindi cha kwanza. Nikatengeneza kipande kidogo, hakuna aliyekiona isipokuwa mimi. Akainuka, akanipungia mkono, akatoka. Tangu siku hiyo nalala vizuri. Nakula. Mke wangu anasema nimerudi. Lakini sura yake siikumbuki tena. Nikitazama picha yake namwona mtoto mzuri tu, mtoto wa watu." Akakisogeza kikombe kando. "Nalala vizuri mno, Atuganile."

Mashine ziliendelea kuvuma.

"Na wewe," Nsajigwa aliuliza, "pale unamwona nani?"

"Mimi? Simwoni mtu."

Aliposema hivyo alijua kwamba fundi hakumwamini. Alitoka akaenda kwenye chumba cha kuhariri, akafunga mlango, akabandika utepe. Baba alikuwa akigawa wali. Na pale, kiti cha nne, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, Anyandwile alikuwa akichambua miiba ya samaki kwa subira ile ile aliyokuwa nayo kwa kila kitu. Mume wake. Alikuwa amefariki ng'ambo ya mpaka, katika wimbi la homa, akazikwa na watu waliovaa glavu, mahali ambapo Atuganile hakuwahi kupelekwa. Tangu siku ya kwanza ya kuhariri alikuwa akila naye chakula cha mchana. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa amejidanganya kwamba anachokipigania ni sanaa.

*

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Atuganile alijaza mchele wa Kyela ndani ya hotpoti ya mama Subilaga, akaelekea Tukuyu. Barabara ilikuwa imezama katika ukungu, na mashamba ya chai yalijitokeza kidogo kidogo pembeni kisha yakapotea. Alikuwa na moyo wa kumwambia ukweli, lakini hakuwa bado ameuamua ukweli wenyewe.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana aliyembeba mtoto mchanga mgongoni.

"Mimi ni Tumpe," alisema baada ya salamu. "Mama yuko ndani anakula."

"Basi nitasubiri amalize."

"Utasubiri sana, dada. Yeye hamalizi."

Subilaga alikuwa mezani, utepe kwenye paji la uso, macho yamefumbwa nusu. Alikuwa akirudia kipindi cha zamani. Mbele yake palikuwa na sahani ya chakula kilichokwisha kupoa na kuganda juu. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, akitulia kidogo kama anayejibiwa, kisha akicheka. Kilikuwa kicheko cha msichana. Atuganile alihisi nywele za shingoni zikimsimama, kwa sababu alikijua kicheko kile. Ndicho alichokuwa akikicheka mwenyewe ndani ya chumba cha kuhariri.

"Mama, una mgeni," Tumpe alisema.

Hakugeuka.

"Ndivyo alivyo." Tumpe alimvuta Atuganile barazani. "Mimi nimejifungua humu, chumba kile. Jirani ndiye aliyenishika mkono. Mama alikuwa mezani."

Akamsimulia. Kaka yake Gwakisa alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mvuke, kule juu mlimani wanakochimba umeme wa ardhini. Kisima kililipuka. Mwili uliletwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari, na ikatakiwa ndugu mmoja athibitishe. Mama alikataa. Alisema aliyemo ndani si mwanawe. Tumpe ndiye aliyefunguliwa lile jeneza.

"Wazee wa ukoo walipokuja kuanua matanga, tamthilia yako ilikuwa imeshaanza. Mama akawafukuza. Akawauliza, mnaanua matanga ya nani, na mtoto anakula?"

"Na wewe umeitazama?"

"Mara nyingi. Nilidhani labda nami nitamwona, angalau akiwa mzima." Tumpe alimpapasa mtoto mgongoni. "Niliona kiti. Kiti kizuri, cha mninga. Halafu nikakusikia redioni ukisema sisi tusioona kitu tuna macho tu, hatuna moyo."

Atuganile alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo.

"Mimi nilimwona kaka yangu kwa macho haya," Tumpe aliendelea. "Nilivyomwona pale, unataka nimwone tena wapi? Na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza niliona nini. Nakuomba, dada. Mwondoe. Mimi niko hai, huyu mtoto yuko hai, na mama hatuoni."

Subilaga alipobandua utepe na kumwona Atuganile, alifurahi sana, akataka kupika upya. Atuganile alimkalisha, akamweleza yote: kijana wa sabuni, vipindi kufutwa, na kipindi cha mwisho anachoweza kukiandika. Akamweleza pia habari ya sura, bila kuificha.

Subilaga alimshika mikono. "Usimwondoe. Nakuomba kwa jina la Mungu. Wewe hujui."

"Najua, mama."

"Hujui!"

"Mimi wangu anaitwa Anyandwile." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile mbele ya mtu tangu msiba. "Anakaa kiti hicho hicho. Jana tumekula wote."

Subilaga alimtazama kwa muda, na ukali wote ukamtoka. "Sasa mwanangu," alisema, kama anayeuliza kweli, "kama unamwona, utapata wapi roho ya kumfukuza?"

Ndipo mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Tumpe akaanza kulia, kilio cha kichanga kilichojaa nyumba nzima mpaka kwenye bati. Atuganile aligeuka. Hata kuku aliyekuwa mlangoni alishtuka. Subilaga hakutikisa hata ukope. Alikuwa akingojea jibu lake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kuanza kuutafuta utepe juu ya meza.

*

Mzee Ambakisye alikubali kipindi kimoja cha mwisho, badala ya yule kijana wa sabuni. Alichokataa mwanzoni ni tangazo.

"Unawaambia watu kwamba kipindi chetu kinaweza kuwafutia sura ya mtoto wao? Nani atabandika?"

"Anayetaka, mzee. Asiyetaka asibandike. Atabaki na sura yake, na ataendelea kusubiri. Lakini nisipowaambia, nitakuwa nimewaingilia watu nyumbani na kuwatolea maiti bila idhini."

Mzee akachukua kalamu, akafuta neno moja kwenye tangazo lake, lile neno "huenda", na kuandika "kwa uwezekano mkubwa". Akasema kama ni kuambiwa, basi waambiwe vizuri.

Tangazo lilisomwa juma zima. Jambo la ajabu ni kwamba wale walioizima tamthilia, waliokuwa wakiicheka, waliposikia kwamba sasa mtu atainuka kwenye kiti ambacho wao hawakuwahi kumwona mtu, walirudi kwa wingi, kila mmoja na utepe wake. Baadhi ya waumini wa siku zote walizima mapema. Kijana wa chuo aliyekuwa akisimama getini alimtumia Atuganile ujumbe: *Sitabandika. Usinichukie. Bado sijamaliza kumwambia mama yangu kuhusu mitihani.* Atuganile alimjibu kwamba hamchukii hata kidogo.

Jumapili jioni, watu wakirudi kanisani na moshi wa majiko ukipanda kati ya migomba, Atuganile alikuwa mezani kwa mama Subilaga. Tumpe alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, mtoto amelala kifuani. Picha ya Gwakisa ilikuwa ukutani, karibu na kalenda ya kanisa. Tepe tatu zilikuwa juu ya kitambaa cha meza.

"Wewe utabandika?" Subilaga aliuliza.

"Nitabandika, mama. Siwezi kuwaambia watu wavuke mto nami nikabaki ng'ambo."

Subilaga aliushika utepe wake kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kisichosikika. Kisha akasema, "Haya," akaubandika, na mikono yake ikashuka mapajani.

Baba alimaliza kula. Mama akaleta birika na beseni, akamimina maji mbele ya kiti cha nne, maji yakaanguka taratibu. "Asante kwa kuja kula na sisi," baba akasema. Binti akaenda kufungua mlango, na kiti kikasogea nyuma. Ni hayo tu Atuganile aliyoyaandika. Mengine hakuwa nayo.

Anyandwile alinawa kidole kwa kidole. Akajifuta, akasukuma kiti nyuma, na mlio wa mguu wa kiti kwenye sakafu ukampita Atuganile mifupani. Alikuwa katikati ya hadithi, kama kawaida yake, akisimulia huku anatembea, na alipofika mlangoni alikuwa bado anasimulia. Atuganile aliinama mbele apate kusikia mwisho. Akamwita. Mlango ukafungwa polepole, kama anavyoufunga mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

Alibandua utepe. Sebule ilikuwa kimya, isipokuwa maharage yaliyokuwa yakichemka jikoni.

"Hakuniaga," Subilaga alisema.

Akabandua utepe wake, akauweka mezani.

"Nilimwita. Nilimwita kwa jina la utotoni. Hakunigeukia." Aliinua mkono, akanyoosha kidole ng'ambo ya meza. "Alikuwa anamtazama huyu. Tangu alipoinuka mpaka anatoka, macho yake yalikuwa kwa Tumpe."

Tumpe, ambaye hakuwa ameona chochote zaidi ya kiti kikisogea nyuma peke yake, alimkaza mtoto kifuani. Subilaga aligeuza kichwa, akaangalia kule alikokuwa ameangalia mwanawe. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayempokea msafiri stendi na bado hana hakika kama ndiye.

"Umekonda," akasema.

Tumpe akaweka kiganja mdomoni.

"Umekonda sana, mwanangu. Na huyu? Huyu ndiye mtoto?" Akanyanyuka, akazunguka meza, akamwinamia mjukuu wake, akamnusa kichwani. Alipoinuka, macho yake yalikutana na ukuta. Akasimama. "Na yule pale kwenye picha ni kijana wa nani?"

Atuganile alijua kwamba neno lile lingekuja. Alikuwa amewaambia, alikuwa ametangaza, wao wenyewe walikuwa wamechagua, na bado alihisi kama mwizi aliyekaribishwa chai.

"Ni Gwakisa, mama," Tumpe alisema.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Subilaga aligusa kioo cha ile picha, akapitisha kidole juu ya paji la uso, pua, kidevu. Hakulia. "Nakumbuka uzito wake nikimbeba," alisema. "Nakumbuka mwendo wake akiingia getini. Nikitafuta uso, nakuta hakuna." Akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Niambie alivyokuwa. Usinifiche."

Tumpe alianza na masikio, kwamba yalikuwa makubwa, na kwamba watoto wa shule walimtania. Kisha pengo la jino. Kisha akafika kule ambako hakuna aliyewahi kumruhusu afike, ndani ya chumba kile chenye jeneza lililofunguliwa, na sauti yake ikakatika. Mama yake akamshika shavu.

"Endelea. Nipo."

Akaendelea. Aliyaeleza yote, mama yake akiwa amesimama, mpaka maharage yakaanza kunukia kuungua na hakuna aliyekwenda kuyaepua. Walipomaliza kulia, Subilaga alimpokea mtoto, akamweka pajani, akavuta pumzi ndefu. Ndipo akamkumbuka mgeni.

"Na wa kwako, mwanangu? Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

Atuganile alijaribu. Jina lilikuja, shati likaja na mikunjo yake, lakini mahali pa uso palikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa mbichi, na kadiri alivyopapasa ndivyo chokaa ilivyomshika vidole. Simu ilikuwa ndani ya mkoba wake, imejaa picha. Hakuwa na moyo wa kuigusa.

"Nilisikia sauti yake mpaka mlangoni," alisema. "Alikuwa anasimulia kitu. Sikusikia mwisho."

"Alikuwa msimuliaji?"

"Sana. Na mwongo." Akashangaa kujisikia akicheka. "Siku ya kwanza kukutana naye alinidanganya kwamba ana ng'ombe mwenye meno ya dhahabu."

Tumpe, macho yangali mekundu, akainua kichwa. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Subilaga akalisogeza kapu la nguo za mtoto kutoka kwenye stuli, akaisukuma stuli kwa mguu mpaka ikamfikia Atuganile, aliyekuwa ameinuka.

"Kaa basi, utuambie," alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani, huyo mume wako?"